Siku Nilipomwita Baba Mkwe Mtoni

Haya, nimewasikia. Tangu niweke ile picha simu yangu haijapata nafasi ya kupoa. Mmoja wenu kauliza kama huo ni mchezo wa huku bara wa kuvutana fimbo. Mwingine kataka kujua yule mzee aliyeloa na koti lake la suti ni nani, na kwa nini kauelekezea mwamba uso badala ya kuangalia kamera. Wa tatu, ambaye namjua na nitamshughulikia, kaandika kwamba nimenenepa.

Mzee ni baba mkwe wangu. Fimbo ni yake. Maji ni ya Mto Gucha. Mengine nitayaeleza hatua kwa hatua, na asiyekuwa na subira atafute mtu mwingine wa kumsimulia.

Mosocho, kabla sijatoka

Mnajua kwamba duka letu la miwani limenitaka niihame Mosocho, nirudi tawi la Mombasa. Jibu lilitakiwa Jumatatu. Nisiwafiche, kichwani nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo, na sababu haikuwa kazi. Sababu ilikuwa huyo mzee. Nimeolewa miaka mitatu na hakuwahi kunisemesha hata siku moja.

Mume wangu, Osoro, husema ni chinsoni. Ni ile heshima ya Wakisii ya kuoneana aibu: baba mkwe na mkaza mwana hawapeani mikono, hawali pamoja, na mzee haingii nyumbani kwako. Nililikubali hilo tangu siku ya kwanza. Lakini baba wakwe wa majirani zangu wanaishika chinsoni hiyo hiyo na bado huuliza habari za kazi. Wangu akitaka chumvi humwambia mkewe amwambie huyo. Huyo ni mimi. Basi nikajiapia kwamba kama sioni dalili ya kuwa mtu wa nyumba ile, narudi kwetu, na Osoro ataamua mwenyewe kama ananifuata.

Mama mkwe ni jambo jingine kabisa. Mama Kwamboka ananipenda, na kwa kuwa amezaliwa pande za Nyamarambe, alinisimulia habari za mchanga ulio katikati ya majabali, mahali mto unapojibana bondeni. Hapafikiki ila kwa mtumbwi, au kwa kukanyaga mawe maji yakiwa machache. Mimi mtu wa Likoni, miaka mitatu nilikuwa sijakanyaga mchanga isipokuwa wa kujengea. Akaahidi kunipeleka.

Ijumaa mchana Osoro akanipigia kutoka Narok, anakofundisha. Alikuwa ndiyo kwanza amalize kuzungumza na kwao. Akaniambia, "Wamekubali. Baba atakungoja Nyamarambe Jumapili saa nne."

Nikamwuliza, "Baba?"

Akasema, "Baba, ndiyo," kengele ya shule ikalia, naye akakata.

Jamani, nilikaa chini. Mzee mwenyewe kajitolea kunipeleka mtoni. Nikaandika ujumbe, nikaufuta mara nne, kisha nikautuma kwenye simu yake: "Shikamoo baba. Nimepata habari. Nitakuwa Nyamarambe Jumapili saa nne. Nina hamu sana ya kuzungumza na wewe." Baada ya saa mbili nikajibiwa: SAWA. Kwa herufi kubwa. Neno lile nililiangalia jioni nzima kama mtu aliyepata matokeo ya mtihani.

Mosocho hadi Nyamarambe

Safari hii ilikuwa ya Jumapili kwa sababu Jumamosi kwa wakwe zangu ni Sabato, na siku hiyo hakuna anayekwenda popote ila kanisani. Niliondoka mapema na kikapu cha viazi karai na chupa ya chai. Juu ya Kisii mjini gari likaharibika, na dereva akatutangazia kwamba halijaharibika, linapumzika. Lilipumzika saa nzima. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu aliniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kuuona mchanga. Akaniuliza nataka lori ngapi.

Nilifika saa tano. Mzee alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, mbele ya duka la mbolea, na alionekana amesimama hapo tangu saa mbili. Ametoka Ekerenyo, upande wa pili kabisa, kaunti ya Nyamira. Koti la suti, tai, viatu vya kanisani vilivyong'arishwa, kofia, fimbo, na mfuko wa ndizi za kuiva. Nikajisemea kwamba huyu hakuvaa kwa ajili ya kwenda mtoni, kisha nikajijibu kwamba labda ndivyo wanavyovaa.

Nikamsalimia kwa Kikisii changu kibovu. Akauitikia ukuta wa duka.

Nikasema, "Baba, twende basi. Mtoni, kule kwenye mchanga alikonisimulia Mama."

Mzee aliniangalia. Ilikuwa mara ya kwanza macho yake kufika usoni kwangu, na yalijaa hofu. Kisha akayarudisha chini. Akamwita mtu wa bodaboda na kumwambia jambo kwa Kikisii, naye yule akaniuliza mimi, "Mzee anasema unataka mtoni. Ni kweli?"

Tulichukua pikipiki mbili, maana moja haiwezekani na baba mkwe. Yake ilitangulia. Kila tulipopanda kilima nilimwona kalikumbatia koti lake na kifuko cha ndizi, mgongo umenyooka. Kijana aliyenibeba alijizuia mwendo mrefu, mwishowe akashindwa.

"Dada, huyo mzee mnaenda kumfanyia nini?"

"Tunatembea tu."

"Sawa," akasema, na sauti yake haikuniamini.

Kushuka bondeni

Pikipiki zilituacha penye migomba ya mwisho. Kutoka hapo ni njia ya miguu, imeshuka wima, udongo mwekundu wenye utelezi. Mzee alitangulia hatua ishirini. Mimi nikisimama anasimama, nikitembea anatembea, bila kugeuka hata mara moja, na mpaka leo sijui alivyokuwa akijua.

Katikati ya njia viatu vya kanisani vikamsaliti, akakaa chini kwa kishindo. Nilikimbia nikamnyooshea mkono. Aliutazama mkono wangu, akashika majani, akajiinua mwenyewe, akajipangusa matope kwenye suruali. Kisha akaokota ndizi zake moja moja, nami nikasimama na mkono wangu pale hewani, nikiwa sijui niurudishe wapi. Niliumia, msidhani sikuumia.

Ngoja tufike, nilijiambia. Nami nilikuwa nangoja yeye aanze, kwa kuwa ndiye aliyeniita.

Mtumbwi wa Nyanchama

Chini kabisa kuna mwanamke anaitwa Nyanchama, mchimba mchanga, kavaa gambuti na shati la mwanamume, mabega yake ukiyaona unaelewa kazi. Ana mtumbwi wa mbao wa kubebea mchanga, ambao hauendeshwi kwa makasia, unasukumwa kwa mti mrefu. Nikamwambia mti ule kwetu unaitwa upondo. Akaniambia kwao unaitwa mti.

Alimsalimia Mzee kwa heshima, akanigeukia.

"Wewe ndiyo bibi ya Osoro? Baba alinipigia simu juzi, akasema anakuleta."

"Ndiyo. Si huyu hapa, tumefika."

"Nani?"

"Baba."

Nyanchama akamtazama Mzee, akanitazama mimi. "Huyu ni tata. Mimi nasema baba. Kwamboka."

Jamani, nyinyi hamjui, lakini mimi najua, na ndiyo maana nilitamani kuzama hapo hapo. Kwa Kikisii, baba ni mama. Baba wa Kiswahili ndiye tata. Nimekaa na watu hawa miaka mitatu, mtoto wa jirani akilia "baba" anayetoka nje ni mama yake, wala sishtuki. Lakini Osoro nami tunazungumza Kiswahili, na siku ile alikuwa ametoka tu kuzungumza na mamake kwa lugha yao, neno likamponyoka lilivyo. Mama Kwamboka ndiye aliyekuwa anisubiri. Mzee hakujitolea kitu. Ni mimi niliyemwita. Nimemtoa mzee wa watu Ekerenyo kwa ujumbe wa simu, kama chifu.

Nikamwambia Nyanchama kwa sauti ya chini. Alicheka mpaka akakaa kwenye rundo la mchanga. Mzee akamwuliza kitu, naye akafuta machozi akamjibu.

"Umemwambia nini?" nikamwuliza.

"Nimemwambia unasema mto ni mzuri."

Tukapanda. Mzee alikaa mbele, anaangalia mbele. Mimi nikakaa nyuma, naangalia nyuma. Nyanchama akasimama katikati na mti wake. Mzee aliushika ubavu wa mtumbwi kwa mikono miwili. Nyanchama akaniambia kwamba watu wa milimani hawajui maji, na huyu hajui kabisa. Basi kwa nini alikubali kuja? Niliona tu kwamba mwaliko niliokuwa nimeufurahia siku mbili haukuwapo, na jibu langu la Jumatatu likawa limejiandika lenyewe.

Mchangani

Majabali yanainuka pande zote mbili, mto unajipinda, na kwenye kona ile, mahali usipopategemea, kuna mchanga. Si mwingi. Urefu wake labda mitumbwi kumi ikipangwa. Ni wa kijivu, mchanga mnene, baridi, una harufu ya chuma. Haukufanana hata kidogo na wa kwetu. Nilivua viatu, nikakanyaga, nikalia. Nasema wazi, nililia, na Mzee aliyekuwa amekaa mwisho mwingine wa ufuo akaniona, akavua kofia, akaishika magotini kama mtu aliye matangani.

Chakula kililiwa kwa taratibu zote. Mimi huku nimeupa mgongo upande wake, yeye kule kaupa mgongo upande wangu, Nyanchama katikati kama mhudumu wa hoteli. Alimpelekea viazi vyangu, akaniletea ndizi zake. Akarudi kwangu na habari kwamba Mzee ameuliza viazi vimepikwa na nani. Nikasema ni mimi. Akaenda, akarudi. "Amesema sawa."

Nyanchama alikuwa na shehena ya kupeleka juu ya mto, akaniambia atatufuata saa nane. Nilimpa simu yangu, kaitia kwenye mfuko wa nailoni, maana mimi nilitaka kutia miguu majini. Akaondoka. Tukabaki wawili, na jabali.

Nilimngoja aseme. Nilihesabu ndege. Alikohoa mara mbili, na kila alipokohoa niligeuka nusu, naye akaanza kuipangusa kofia. Saa nzima ikapita namna hiyo. Mimi nilikuwa nangoja mtu huyu aniambie lolote, hata kwamba viazi vina chumvi nyingi, nimpe angalau hilo Osoro siku nitakapomwambia naondoka.

Kurudi kwa mawe

Maji yalibadilika rangi kwanza. Kisha nikaona kandambili zangu zinaondoka. Mto huu unaanzia huko huko kwao Nyamira, na mvua iliyonyesha milimani ilikuwa imetufuata. Hayakuwa mafuriko ya kusimuliwa redioni. Yalikuwa maji tu yanapanda, kidole kwa kidole, na mchanga unapungua.

Saa nane Nyanchama akatokea juu ya mawe upande wa juu wa kona, bila mtumbwi, anapunga mikono. Mtumbwi haukuweza kupita tena pale mto unapobana. Akatuonyesha kwa mkono: tupite ukingoni mwa jabali, majini, mpaka alipo. Maji yalikuwa ya kiunoni. Kwangu mimi hiyo ni njia ya kwenda dukani.

Shida ilikuwa dera langu refu. Huwezi kutembea majini na dera limeshuka, na huwezi kulipandisha mapajani mbele ya baba mkwe. Nilisimama pale natafuta njia ya tatu. Mzee akaelewa. Aligeuka akaukabili mwamba, pua karibu iguse jiwe, akanyoosha fimbo yake kando bila kuangalia. Nami nikapandisha dera, nikashika ncha ya pili. Tukaenda hivyo, mimi natangulia, yeye anafuata kiubavu, uso kwenye jiwe. Hiyo ndiyo picha yenu. Nyanchama alikuwa na simu yangu mkononi na akaona haya mambo hayatarudiwa.

Katikati pana shimo. Mimi nililihisi, nikavuka. Yeye hakulihisi. Maji yakamfika kifuani, kofia ikaenda, fimbo ikamtoka mkononi, na nikasikia pumzi yake inakatika. Nilimkamata koti. Nilikamata ukosi wa koti kwa mikono miwili nikamvuta mpaka akasimama. Baadaye Nyanchama alitoa hukumu kwamba koti si ngozi, kwa hiyo chinsoni haikuvunjwa.

Mzee akaegemeza paji la uso kwenye jabali, akafumba macho, na akaliambia jabali, "Wewe jiwe. Ambia huyu asiende."

Alisema kwa Kiswahili. Jiwe la Kisii halina haja ya Kiswahili.

"Siendi, baba," nikasema. "Nimekushika."

Alivuta pumzi ndefu. Kisha akaanza kutembea mwenyewe, mimi nimemshika ukosi, mpaka Nyanchama akatupokea.

Hoteli ya Nyamarambe

Tulipanda juu tumeloa, tukaingia hoteli ya kwanza tuliyoiona. Walituletea ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yao ile chungu ambayo nimeizoea kuliko nilivyokusudia. Meza ilikuwa moja tu, tukakaa pande mbili za mbali, kama wanaogombania kiti cha udiwani.

Simu ya Mzee ilikuwa imekaa mfuko wa ndani wa koti na ikaokoka, sijui vipi. Ikalia. Simu yake ina sauti ya kusikika kijiji kizima. Alikuwa Mama Kwamboka, na Kikisii cha maneno yale nilikielewa.

Mama akauliza, "Amesema nini?"

Mzee akajibu, "Amesema haendi."

Upande wa pili Mama alianza kumshukuru Mungu na kulia kwa wakati mmoja. Alisema hajala tangu asubuhi, amepiga magoti siku nzima. Mzee akasema sawa, sawa, akakata.

Mimi nilikuwa na tonge mkononi na sikujua nilipeleke wapi. Hapo nikaelewa: Osoro alikuwa amewaambia habari za Mombasa. Kisha wakapata ujumbe wangu: mkaza mwana anamwita baba mkwe mahali pa mbali, ana hamu ya kuzungumza naye. Walijua moja kwa moja. Nimewaita kuaga. Mama alidhani nimemtaka Mzee peke yake kwa jambo zito, akabaki nyumbani na maombi yake. Na Mzee akavaa suti, akavuka kaunti, akapanda mtumbwi anaouogopa kuliko kifo, akakaa mchangani akingoja niyaseme, ili anizuie.

Nikamwuliza. Sikumtafutia mtu wa kati. "Baba, kwa nini miaka yote hii hukunisemesha?"

Akasema, anaiangalia meza, "Rehema."

Sikujua kama analijua jina langu.

"Mimi Kiswahili yangu ni mbaya. Siku ya harusi nilisimama, nikasema tunashukuru kwa kupewa hii msichana. Watu wa pwani walicheka. Meza yote."

Mnakumbuka, jamani. Msijifanye hamkumbuki. Meza ile ilikuwa yenu.

"Nikaona ni heri ninyamaze," akasema. "Nisikuaibishe mbele ya watu yako."

Nikamwambia, "Mimi pia nilicheka, baba."

"Nilikuona."

Aliniangalia usoni, safari hii hakurudisha macho. "Pale kwa maji ulisema huendi. Ulikuwa unasema maji, ama unasema nyumba?"

"Nilikuwa nasema maji."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeambiwa bei aliyoitarajia. Maji yalikuwa yanadondoka kwenye koti lake, yanaingia kwenye sahani, na hakuyaona.

"Na saa hii?"

"Saa hii nasema nyumba, baba."

Akaniuliza kama nasikia baridi. Nikamwambia nasikia.